Dimbwi la Faru

Karatasi niliyoitoa mfukoni mwa jangili ilikuwa imekunjwa mara nne, na damu ya faru imekauka ukingoni. Niliitandaza mezani kwa mtafiti.

Ilikuwa ramani ya ripoti yake. Dimbwi nililomwonyesha mimi, askari wa hifadhi, baada ya yeye kuapa kwamba itabaki siri yetu, lilitiwa alama nyekundu.

"Bila ramani wasingeichapisha ripoti yangu, mzee wangu," alisema.

"Na bila faru mimi nilinde nini, mwanangu? Mawe?"

Kisha, bila haya, akafungua daftari. "Waliobaki wanakunywa wapi siku hizi?"

Niliweka kidole kwenye ramani, mahali ambapo tangu niajiriwe sijaona hata tone la maji.

"Hapa."

Akaandika.