Usizime Mapema

Spesiosa alimtolea afisa kigoda, akakifuta kwanza kwa upindo wa kitenge. Asnath hakutolewa kitu. Alichukua mkeka nyuma ya mlango, akautandika, akaketi na kuiwasha rekoda.

"Jitambulishe, mama," alisema.

"Anza wewe. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Naitwa Asnath Bonaventura. Natoka Kagunga."

"Kagunga napajua," Spesiosa akasema. "Ziwa la huko lilinilia mutoto."

Benedict, aliyekalia kigoda, alikuwa mwalimu wa Asnath. Kwao Songea, huu ulikuwa mwaka wake wa nne Kigoma. Serikali ilikuwa imetoa fedha za kuwafundisha utangazaji vijana kumi wa vijiji vya mwambao, vijiji ambavyo redio ilivitaja pale tu kipindupindu kilipoingia. Nafasi zilikuwa za raia peke yao. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: usizime mapema, mtu husema la moyoni akidhani umemaliza. Asnath alilishika mno. Kila mkanda wake uliishia na dakika kumi za kuku na sufuria, na wenzake hawakuchoka kumcheka.

Kisha ikaja barua isiyo na jina. Asnath, ilisema, si mtoto wa Bonaventura mvuvi. Ni Mrundi, mkimbizi, jina lake Armelle, na mama yake ni Spesiosa wa kambini. Wakubwa wakasema lisemwalo lipo. Benedict akaagizwa awakutanishe wawili hao, awatazame, aandike alichokiona. Ikiwa kweli, binti arudishwe kambini na mzee Bonaventura apelekwe mahakamani kwa kudanganya serikali.

Zamani jambo kama hilo lingemnyima usingizi. Sasa hakusikia kitu. Miaka minne ya kusikiliza mikanda ya watu waliopotelewa na watu ilikuwa imemtia ganzi, kama mkono uliolaliwa. Jana yake alimwambia Asnath kwamba mtihani wake wa mwisho ni kumhoji mama fulani kambini. Hakumwambia zaidi.

"Mtoto wako aliitwa nani?" Asnath aliuliza.

"Armelle."

"Alikuwa na umri gani?"

"Leo angekuwa na miaka kumi na tisa. Kama wewe tu."

"Ilikuwaje?"

"Alitoka kambini bila kibali, akaenda Kagunga kufuata dagaa. Mutumbwi ukapinduka. Maiti haikuonekana. Ziwa halirudishi kila kitu."

Asnath alitikisa kichwa kidogo, kama alivyofundishwa, ili anayehojiwa ajue kuwa anasikilizwa. Sauti yake haikuyumba. Spesiosa naye hakulia. Benedict alizitazama nyuso zote mbili na hakuona cha kuandika.

"Mama," akaingilia kati, "una ushahidi gani?"

Spesiosa akainuka, akafungua kopo la maziwa ya unga, akatoa kadi ya mgawo wa chakula. Ilikuwa na majina matatu: la mumewe Harerimana, lake, na la Armelle. La Armelle lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na kugongwa mhuri.

"Nilikwenda mwenyewe kumufutisha," akasema. "Tangu hapo tunapimiwa vya watu wawili."

Hapo Benedict akaridhika. Kambini wafu waliendelea kula. Mtu angezikwa kimya kimya alfajiri, na jina lake lingebaki kwenye kadi mwaka mzima, likipokea unga, maharage na mafuta. Watu walioficha misiba ili mgawo usipungue alishawaona, tena wengi. Hakuwahi kumwona mtu anayemfuta mtoto aliye hai. Nani angefanya hivyo, na njaa ile?

"Kusanya vyombo," alimwambia Asnath. "Nakwenda ofisini kulinganisha mhuri."

Ofisini mambo yalikuwa sawa. Daftari lilionyesha kwamba Armelle alifutwa Februari mwaka 1999, mwaka mmoja na ushei uliopita, na pembeni palikuwa na alama ya dole gumba la mama yake. Aliporudi alimkuta Asnath amesimama nje, mkoba begani. Spesiosa alikuwa akichambua maharage na hakuinua kichwa kuwaaga.

Walipoanza kuliona ziwa, Asnath aliuliza:

"Utanipa alama ngapi, mwalimu?"

"Nikishausikiliza mkanda."

Kesho yake asubuhi Benedict aliandika ripoti ya mistari mitatu. Barua ni ya uongo. Binti ni raia. Aendelee na mafunzo. Kabla ya kutia sahihi alikumbuka alama, akautia mkanda kwenye rekoda ya ofisini.

Maswali yalikuwa mafupi, mazuri. Sauti safi. Akaandika themanini. Aliisikia sauti yake ikidai ushahidi, akasikia kopo likifunguliwa, kisha viatu vyake mwenyewe vikitoka mlangoni na kupotea kwenye changarawe. Wakaja kuku. Benedict akapunguza alama tano kwa mazoea, akanyoosha mkono kuzima.

Mfuniko wa sufuria ukalia.

"Armelle, mwana wanje, mwanangu," sauti ya Spesiosa ikasema, "nimesema vizuri? Haya, kula upesi, kabla hajarudi."

Benedict akaurudisha mkanda mpaka pale viatu vyake vilipotoka, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akakaa kimya, kuku na sufuria vikifutika, mpaka mkanda ukaisha.