Ukoka Chini ya Sinia

Furushi la Zamda lilikuwa limeshafungwa. Mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, alikuwa na hakika kwamba mkamwana huyu ameliiba na kuliuza sinia lake la shaba lililopotea tangu mwezi uliopita, na alikuwa anamrudisha kwao. Ndipo wifi yake, Mashavu, alipopiga kelele nyuma ya jiko.

"Hili hapa, mama! Mvivu huyu alilitupa kwenye majani. Liko hapa mwezi mzima!"

Zamda alichutama, akalifunua sinia. Ukoka wa chini yake ulikuwa kijani kibichi.

"Mwezi mzima, wifi?"

"Sasa nani mwingine angelileta?"

"Jani hujipikia chakula chake, na moto wake ni jua. Ukilifunika mwezi mzima, umelizimia jiko. Ukoka huu ungekuwa umeshapauka."

Mashavu akaangua kicheko. "Mama, unasikia? Leo majani yanapika!"

Bi Mwanakheri hakucheka. Alimtazama binti yake, akamtazama mkamwana wake, asimwamini hata mmoja. Kisha akaliinamia sinia, akalifunika tena palepale juu ya ukoka mbichi.

"Asiliguse mtu," alisema. "Mwezi mwingine ukiandama tutalifunua, tuone kama majani yanapika au hayapiki."

Zamda akaanza kufungua furushi lake. Mashavu alibaki amesimama pale juani, amejitanda kanga mpaka usoni kama mtu anayesikia baridi.