Mikono ya Kibwana

Siku hizi mashine ya kuvuta shingo hufundishwa na mtu wa nyumbani: humshika mgonjwa kichwa mara moja tu, nayo huiga mikono yake. Ya Bi Mwantumu ilifundishwa na mumewe, Kibwana, aliyefariki masika yaliyopita. Mashine haikuwa na habari. Kila alfajiri ilimshika chini ya taya, ikamvuta taratibu, kisha ikatulia kidogo kabla ya kumwachia, pale pale Kibwana alipozoea kuuliza, "Bado inauma?"

"Bado kidogo," Bi Mwantumu alijibu kila siku, chumbani peke yake.

Leo muuguzi alimbonyeza shingo, akafurahi. "Hongera, bibi, umepona kabisa! Kesho tutaichukua mashine, tuifute kumbukumbu, apewe mwingine."

"Ahsante, mwanangu." Akamsindikiza hadi mlangoni.

Kisha akaenda uani. Mabomba ya maji yalikuwa kila chumba. Tangu ujana wake hakuna aliyebeba maji mtaani kwao. Akaitafuta ndoo kuukuu, akaijaza pomoni, akakunja khanga ikawa ngata, akajitwika. Akaanza kuuzunguka ua, ili kesho akisema bado kidogo, iwe kweli.