Fisi Mwenye Timu

Bondeni hakuna shabiki aliyemzidi Fisi kwa mdomo. Timu ilipofungwa alisema, "Wamefungwa tena! Kocha wao Kobe afukuzwe." Msimu huu timu ikaanza kushinda, naye Fisi akageuka.

"Tumeshinda! Kocha wetu Kobe ni kiboko!" Kiboko akageuza shingo, akidhani ameitwa. "Sasa tunataka ubingwa. Tumsajili Duma!"

"Duma ni ghali, ndugu yangu," alisema Kanga, mweka hazina. "Klabu haina kitu."

"Tutamlipa! Kwani sisi timu ndogo?"

Wanyama wakashangilia. Kanga akafurahi, akamsogezea Fisi bakuli la mchango. "Haya, tuanze na wewe."

Fisi akalitazama bakuli, akajikuna shingo, akauliza kwa upole, "Hivi wao wamepanga kumlipaje?"