Vitenzi vya Saa Nne

"Break," binti alisema, huku akimkausha baba yake nyuma ya masikio kwa taulo.

"Broke, broken," mzee akajibu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Bring."

"Brought, brought. Usiniletee 'bringed' hapa. My wife brought me tea." Akasita, akatazama mlangoni. "Mke wangu yuko wapi? Alikuwa ananipigia shati pasi."

"Baba, hayo tuyaache. Choose."

Mzee akayaacha. "Chose, chosen."

Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minane. Siku hizi hakujua choo kiko upande gani, na wajukuu wote aliwaita "wewe wa nyuma". Vitenzi tu ndivyo vilivyobaki kichwani, vyote, kila kimoja mahali pake.

Kila siku saa nne asubuhi binti alizima cherehani yake sebuleni, akamwogesha, akamvalisha shati jeupe na tai, akamkalisha kwenye kiti kilekile. Kisha vitenzi, dakika arobaini. Hakumkumbusha majina ya wajukuu. Hakumkumbusha njia ya chooni.

"Unajichosha bure," kaka yake alimwambia siku alipopita na lori lake. "Mtu hawezi kufunga suruali, wewe unamkaririsha Kiingereza. Anakwenda kuomba kazi wapi?"

"Wewe mara ya mwisho umemnyoa lini?"

"Dada, usinianze. Nilishasema, apelekwe kituo cha wazee, nyumba tuuze, tugawane. Upumzike, na mimi nipumzike."

"Baba hatoki humu kama gunia. Na nyumba haigawanywi mwenyewe yu hai."

"Mwenyewe yupi? Hebu muulize kama anajua ana nyumba!"

Binti alimfungulia mlango na kumwonyesha njia. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alisikia kila neno, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba mzee amezaa mtoto mmoja tu wa maana, tena wa kike.

Wakili alikuja Alhamisi. Walikuwapo mawakili wengi mjini, wengine ofisi zao zilikuwa karibu zaidi, lakini binti alimtafuta huyu kwa wiki tatu. Zamani alikaa dawati la mbele darasani kwa mzee.

Alipoingia tu, mtu mzima yule mwenye kitambi alifunga vifungo vya koti na kusimama wima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

Wakili akacheka, macho yameshaanza kulowa. "Tulimwita Bwana Broti," alimnong'oneza binti. "Nilisema 'bringed' mara moja tu maishani mwangu. Rula ilivunjikia mgongoni."

Binti aliweka karatasi mezani. Iliandikwa kwamba mzee, akiwa na akili timamu, anamkabidhi nyumba yake binti yake anayemtunza.

Wakili aliisoma mara mbili, akajikuna shingo. "Dada, hapo kwenye akili timamu lazima nijiridhishe. Kaka yako akienda mahakamani, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Nitamuuliza leo ni siku gani, ana watoto wangapi, mambo kama hayo."

Binti alimnyoosha baba yake tai, taratibu.

"Muulize tu. Ila unamjua mwalimu wako. Ukimletea maswali ya chekechea atakufukuza. Muulize ya darasani, utaona mwenyewe kichwa kama kipo."

Wakili akatabasamu, akavuta kiti.

"Mwalimu. Forget."

"Forgot, forgotten. Nani amekuruhusu ukae?"

Wakili akasimama haraka. "Samahani, mwalimu. Swim."

"Swam, swum."

"Tear."

"Tore, torn. Unanipima? Wewe? Rudi kwenye 'forget', utunge sentensi." Hakumsubiri. Aliinua kidole, akaitunga mwenyewe, pole pole, kama anaiandika ubaoni. "I have not forgotten you."

Mzee alikuwa anautazama ukuta. Wakili hakuliona hilo. Alichosikia ni kwamba mwalimu wake hajamsahau, baada ya miaka yote hiyo, na ilibidi atoe leso.

"Huyu ana akili kuliko mimi," alisema, akafungua kalamu.

Mzee alipoiona kalamu hakuuliza kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukatia saini ileile ndefu aliyokuwa akitia kwenye ripoti za shule. Wakili alitia saini yake chini, akagonga muhuri, akakataa kulipwa.

"Mwalimu hafukuzwi kwake nikiwa hai," alisema mlangoni. "Mwambie huyo kaka yako anitafute mimi."

Binti alilia pale pale kwenye kizingiti, na wakili akampa ile leso, akamwambia Mungu anawaona watoto kama yeye.

Jumatatu, gari jeupe la kituo cha wazee lilisimama nje ya nyumba. Wahudumu wawili waliingia na kuuliza kama wabebe pia kitanda chake.

"Kitanda kiacheni, mnunuzi wa nyumba amekitaka," binti alisema. "Mchukueni mzee tu."