Safu Isiyo na Jina

Mfumo mpya wa idara ya maji uligoma kupokea safu moja ya kumbukumbu za zamani. Haikuwa na jina, ila alama kwenye nyumba kumi na tisa, na karani aliyeianzisha alishafariki bila kuiandikia maelezo. Mwanaidi wa kitengo cha kompyuta alitaka kuifuta. Kwanza akawaita wenzake.

"Hizi ndizo nyumba ninazoambiwa nisizifungie maji wakati wa mgao," alisema fundi Chande. "Sababu siijui, dada."

Bi Tunu wa mapokezi alivaa miwani. "Hapa yupo kipofu. Hapa mtoto asiyetembea. Jamani, hawa wote hawawezi kubeba ndoo!"

"Na hii ya mwisho?" Chande aliuliza.

Mwanaidi aliisoma anwani. Ilikuwa nyumba yake. Mama yake alilala kitandani miaka sita, na bomba lao halikukauka hata siku moja. Yeye alidhani ni bahati tu. Mama alizikwa mwaka juzi. Maji yanatoka hadi leo.

Akaipa safu jina: Wasioweza Kubeba Ndoo. Kisha akashuka hadi mstari wa kumi na tisa, kidole kikabaki juu ya kitufe cha kufuta.