Maneno Mawili ya Hakimu

Nyota wa mfululizo wetu wa televisheni alichukua kalamu nyekundu akafuta maneno ya kila mtu katika onyesho la kesi ya nahodha wa anga, aliyemwigiza yeye, ila yake mwenyewe. Orville, mzee aliyeigiza hakimu, aliachiwa mawili tu: "Mwachieni huru."

Alikaa saa nne akibandikwa paji la mpira la kiumbe wa sayari nyingine kwa ajili ya maneno hayo mawili.

"Yaseme haraka, babu," nyota akamwambia mbele ya studio nzima. "Watu wanawasha televisheni kuniona mimi, siyo hilo boga lako."

Wapiga picha wakacheka. Gundi ilikuwa ikimchuruzika Orville hadi kwenye nyusi. Hakujifuta.

Mafundi wa studio yetu ya Burbank walikwishashika nyundo kuibomoa mahakama ya maigizo, na filamu iliyobaki kwenye kamera ilitosha kupiga mara moja tu.

Kamera ikaanza. Nyota akahutubia, akalia, akapiga magoti, kisha akainua uso kungoja hukumu.

Orville akamtazama mpaka tone la gundi likadondoka mezani.

"Mtupeni angani," akasema, akagonga kengele ya kufunga kesi.

Nyota akabaki amepiga magoti, mdomo wazi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akiigiza kweli.

"Kata!" Mwongozaji akanigeukia. Kwa sababu ya ile kalamu nyekundu, ni mimi tu, mlinganishaji wa maneno ya waigizaji na muswada, niliyebaki na nakala yake kamili. "Wewe mama, ndivyo ilivyoandikwa?"

Nyota naye akanigeukia.

"Ndivyo," nikasema, nikafunga jalada.